Paka Hajui Mpaka

Msikilizaji, kama una tuta la mchicha nyuma ya nyumba, au kibustani cha giligilani na mnanaa kando ya ukuta, mazungumzo ya leo ni yako. Kama huna tuta ila una paka, ongeza sauti ya redio, maana yanakuhusu wewe zaidi.

Nazungumzia uchafu wa paka wa jirani. Ni jambo ambalo watu wenye staha hawalitaji mbele ya chakula, kwa hiyo kama uko mezani, malizia kwanza tonge lako. Ndiyo sababu hunyamaziwa mpaka siku linapolipuka. Umemwagilia mboga, umelala ukijua kesho ni siku ya kuchuma. Asubuhi unatoka na ungo wako, unakuta udongo umefukuliwa, miche imelala mizizi juu, na katikati ya tuta pana zawadi ambayo harufu yake inajitambulisha yenyewe. Siku ya kwanza unasonya. Siku ya tatu unautazama ukuta wa jirani kwa jicho ambalo hukuwa nalo. Wiki ya pili salamu zinapungua. Zipo familia zilizozikiana na kuozeshana ambazo leo haziitani kwenye shughuli, na chanzo ni mnyama wa kilo tatu.

Tuanze na paka mwenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya hasira yetu inatokana na kumpa nia ambayo hana. Utasikia mtu anasema, "Huyu ananifanyia makusudi." Mwingine ananong'ona kwamba katumwa. Hakutumwa na mtu. Wataalamu wa vinasaba walionyesha mwaka 2007 kwamba paka wa majumbani, wa Kariakoo na wa London sawasawa, wametokana na paka mwitu wa nchi kavu za Mashariki ya Kati, ndugu wa karibu wa yule paka mwitu anayeishi hadi leo katika nyika zetu. Kule Kupro wachimbuaji walikuta paka amezikwa kando ya mtu katika kaburi la miaka ipatayo 9,500. Panya walifuata nafaka ghalani, paka akawafuata panya. Hakuna aliyekwenda porini kumkamata kwa kamba; alijisogeza mwenyewe, na desturi zake za nyikani akaja nazo.

Mojawapo ya desturi hizo ni kufukia choo chake. Hutafuta udongo mkavu, laini, usio na majani mengi, unaochimbika bila kutumia nguvu. Huchimba, hujisaidia, hugeuka akanusa, hufukia, huondoka. Sasa tazama wewe umefanya nini kwenye tuta lako. Umelima, umevunja mabonge, umechanganya samadi iliyooza, umesawazisha kwa kiganja, ukaotesha miche kwa kuipa nafasi. Umemjengea choo. Tena hakuna kingine cha namna hiyo mtaa mzima: ua wa jirani umesakafiwa kwa saruji, uchochoro umeshindiliwa na nyayo za watu, na ule uwanja ambao zamani ulikuwa mtupu sasa una fremu za maduka. Paka wa mjini amebanwa na ujenzi kama sisi tulivyobanwa. Pahali laini palipobaki ni kwako.

Akishatumia pahali pamoja na harufu ikabaki, atarudi. Hutembea zaidi jua linapozama na alfajiri, kwa hiyo wewe unayekesha dirishani saa sita usiku na kandambili mkononi unapoteza usingizi bure.

Kuna tofauti moja ambayo ningependa kila mwenye bustani aijue kabla hajapaza sauti. Paka wa nyumbani aliyetulia kwa kawaida hufukia. Dume asiyehasiwa, hasa yule paka shume asiye na kwao, mara nyingine huacha choo wazi, tena mahali pa kuonekana, kutangaza kwamba eneo hili lina mwenyewe. Dume huyohuyo huinua mkia akarusha mkojo ukutani, kwenye nguzo, hata kwenye mlango wako. Kwa hiyo asubuhi, angalia: kimefukiwa au kimeachwa juu? Ukikuta kimeachwa juu, huenda unamlaumu jirani kwa kosa la msafiri.

Je, kuna madhara, au ni karaha tu? Watu hutishana sana na nywele za paka. Cha kuangalia zaidi ni choo chake. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma. Kiligunduliwa Tunis mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux, ndani ya mwili wa mnyama mdogo mgugunaji wa Afrika ya Kaskazini. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla watafiti hawajathibitisha, kufikia mwaka 1970, kwamba paka na jamaa zake wa ukoo mmoja ndio ambao kimelea hiki hutengeneza mayai ndani ya matumbo yao. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Baada ya hapo, kwa muda wa wiki moja hadi tatu, hutoa mayai hayo kwa mamilioni kila anapojisaidia, kisha kwa kawaida hukoma. Mayai hayo hayaonekani kwa macho, na udongo ukiwa na unyevunyevu huweza kuishi mwaka mzima na zaidi.

Lakini kuna jambo ambalo linampa mwenye bustani nafasi ya kupumua: yai likitoka haliambukizi papo hapo. Linahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo anayepita kwenye matuta yake kila asubuhi na kijiko cha bustani, akauondoa uchafu mapema, amekata sehemu kubwa ya hatari kwa kazi ya dakika chache. Anayesusa, akasema "mwenye paka aje azoe," anajikomoa mwenyewe.

Wengi wanaoambukizwa hawahisi lolote, au hupata homa ndogo ikapita. Wa kujihadhari ni mama mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kwa sababu kimelea kinaweza kumfikia mtoto tumboni kikamdhuru macho au ubongo, na pia mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka. Mjamzito halazimiki kumtoa paka nyumbani, maana nyama isiyoiva na mboga mbichi isiyooshwa nazo zinaweza kumletea ugonjwa huohuo. Ila kupalilia kwa mikono mitupu aache, amwachie mwingine, na kama hana wa kumwachia avae glavu na anawe kwa sabuni. Mchicha unaochemka sufuriani ukaiva haunitii shaka. Ninachokiogopa ni kachumbari: giligilani, saladi, vitunguu vya majani, vitu vinavyotoka kwenye tuta hadi kwenye sahani bila kuona moto. Hivyo vioshwe jani kwa jani, kwa maji yanayotiririka. Kuvitumbukiza kwenye beseni na kuvitoa hakutoshi.

Watoto nao. Paka na mbwa wana safura yao, na mabuu ya safura hiyo yakikuta mguu mtupu kwenye mchanga yanapenya ngozi. Hayafiki mbali ndani ya mwili wa binadamu. Hutambaa chini ya ngozi yakiacha mstari mwekundu unaojikunjakunja na kuwasha usiku kucha. Dawa ipo hospitali, tena haina mambo mengi. Lakini rundo la mchanga wa ujenzi ambalo umeliacha wazi mbele ya nyumba tangu mwaka juzi, ambako watoto wa mtaa hucheza mchana na paka hujisaidia usiku, lifunike kwa turubai leo. Hilo ni la kwako, usilitafutie jirani wa kumlaumu.

Haya, sasa unamwendea jirani. Ukiwa pwani, jibu la kwanza utakalopewa ni la dini: "Paka si najisi, bwana wee." Ni kweli. Ipo hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akamweleza aliyemshangaa kwamba Mtume alisema mnyama huyu si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Lakini maneno yale yanahusu paka aliyepitisha mdomo kwenye maji. Malalamiko yako yanahusu upande wake wa pili. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, choo cha paka ni najisi, hakina msamaha kwa sababu mwenyewe ni mpole. Iko pia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kwa hivyo dini hapa imemfunga mdomo mwenye paka, na imemfunga mkono mwenye bustani.

Mkono huo ndio unaonitia hofu. Nasema waziwazi kwa sababu najua baadhi yenu mnaonisikiliza mmekwisha kulifikiria: kichwa cha samaki kilichotiwa sumu, kikaachwa kando ya tuta. Usifanye. Kwanza ni ukatili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na paka hakutolewa humo. Pili, sumu haina macho. Kichwa kile cha samaki kitadonolewa na kunguru, kitaburutwa na mbwa, kitaokotwa na kuku ambaye kesho ni mchuzi wa mtu, na kwenye ua wenye mtoto anayetambaa sihitaji kuendelea. Kenya walijifunza jambo hili kwa simba. Karbofurani, dawa ya kuulia wadudu iliyouzwa madukani kwa ajili ya mashamba, iliishia kupakwa kwenye mizoga ya ng'ombe. Simba wakafa, tai waliowafuata wakafa, mpaka mtengenezaji akaiondoa sokoni nchini humo. Dawa za namna hiyo, zikiwa zimepimwa kwenye vikaratasi bila jina, bado hupita mikononi mwa watu mitaani.

Na tatu, panya. Utafiti mmoja uliofanywa katika vijiji vya Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 uliangalia kaya zenye paka peke yake, zenye mbwa peke yake, zenye wote wawili na zisizo na yeyote. Palipokuwa na paka na mbwa pamoja, panya walipunguza kula, kwa hofu. Paka peke yake au mbwa peke yake hakuleta tofauti kubwa. Natoa habari hii kwa pande zote mbili. Mwenye paka asijifanye mnyama wake analinda kata nzima. Mwenye bustani naye asisahau kwamba usiku paka anapopita na mbwa yupo, kuna viumbe wengine ambao hawakuthubutu kupita.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kushtaki. Majaji wa Uingereza walilikuta suala hili mwaka 1926, katika kesi ya Buckle na Holmes. Paka wa bwana mmoja aliingia kwa jirani akaua njiwa 13 na kuku wadogo wawili. Jirani akadai fidia, akakosa. Mahakama iliona kwamba paka ni mnyama wa kutangatanga kwa asili yake, na mwenyewe hawajibiki kwa yale ambayo paka yeyote wa kawaida angeyafanya. Hukumu ile haifungi mahakama zetu, lakini jiulize: kama njiwa 13 hawakumpatia mtu hata senti, miche yako ya bamia itampatia nini? Nairobi walijaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ulizuka mjadala mkali kuhusu muswada wa kaunti uliopendekeza kila mwenye paka amsajili kwa shilingi 200 kwa mwaka, aonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, amfungie jike anapotaka dume, na ahakikishe paka wake halii kwa namna ya kuwasumbua majirani. Watu walicheka sana kipengele hicho cha kulia. Mimi kicheko changu kiliishia kwenye neno "mwenye paka," na hapo nitarudi.

Kwanza turudi kwenye udongo, kwa sababu huko ndiko unakoweza kufanya kitu leo bila kumwomba mtu ruhusa. Paka anataka ukavu, ulaini, uwazi na nafasi ya kugeuka. Ukimnyima viwili kati ya hivyo, kwa kawaida atatafuta kwingine.

Ukavu unaondolewa kwa maji. Mwenye mazoea ya kumwagilia asubuhi ahamishie jioni, udongo uwe umelowa kabla ya saa za paka. Maji yaende kwenye shina, usiyamwage juu ya majani, hasa kama una nyanya, maana nyanya iliyolala na majani mabichi huita ukungu. Uwazi unaondolewa kwa mimea yenyewe. Matembele yakishatambaa yakafunika tuta, paka haoni udongo wa kuchimba. Ugomvi uko kwenye zile wiki za mwanzo, miche ikiwa midogo na tuta liko uchi, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu huanza kulinda baada ya kuchafuliwa.

Kwa wiki hizo, funika. Matandazo ya nyasi laini hayatoshi; paka atayaparua na pengine akayapenda. Tumia kitu kinachokera kiganja: makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa, vifuu vilivyopondwa, mabua ya mahindi yaliyolazwa kwa kupishana, matawi makavu ya mbaazi. Kwa mkazi wa mwambao makumbi hayana bei. Nenda tu kwa anayefua nazi, atakushukuru kwa kumpunguzia rundo. Yanahifadhi unyevu pia, kwa hiyo hata kama paka asingekuwapo ningekushauri uyatandaze.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni wavu wa kuku. Watu huusimamisha kuwa uzio, na paka huuruka bila hata kukunja uso. Ulaze. Sawazisha tuta, tandaza wavu juu ya udongo, kunja kingo zake kwa chini na uzibane kwa mambo za miti ili asije mtu kujikata, kisha otesha miche kupitia kwenye matundu. Mmea unapita, jembe dogo la mkono linapita kwa shida kidogo, kucha za paka hazichimbi. Asiye na hela ya wavu achonge vijiti, avisimamishe tuta zima kwa umbali wa shubiri moja. Paka hapendi kuchuchumaa pahali ambapo hawezi kujigeuza.

Habari ya harufu nitaipitia harakaharaka. Maganda ya machungwa na machicha ya kahawa yanasaidia siku mbili tatu, mvua ikinyesha umerudi ulikoanzia. Pilipili ya unga inamwunguza mnyama macho na pua anapojilamba, na upepo ukigeuka inakuunguza wewe. Mafuta ya taa yanaua udongo wako mwenyewe. Vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini ni sumu, kwa paka na kwa mtoto anayedhani ni pipi, visikaribie bustani. Halafu pale palipokwisha kuchafuliwa, toa uchafu pamoja na udongo unaouzunguka, fukia mbali na mboga na mbali na kisima, mwagia siki pahali pale. Usitumie sabuni yenye amonia, kwa sababu mkojo wenyewe unanuka amonia, utakuwa umemwandikia karibu tena. Wala usiutupe uchafu huo kwenye shimo la mboji. Samadi ya ng'ombe na mbuzi ni jamaa mmoja, choo cha mla nyama ni jamaa mwingine, na mboji ya nyumbani kwa kawaida haipati joto la kutosha na kwa muda wa kutosha kuua vilivyomo.

Sasa jirani. Kuna namna ya kumwendea mtu. Usiende na ushahidi kwenye sepeto, nimewahi kusikia watu wanaofanya hivyo, na hakuna maneno matamu yanayofuata baada ya sepeto. Usipeleke mtoto kusema. Usianze kwa mjumbe. Na usilirushe kwenye kundi la mtaa la simu, ambako kufikia saa nne asubuhi watu watakaokuwa wamechangia ni wale wasio na bustani wala paka. Nenda mwenyewe, saa ya jioni, mikono mitupu au na fungu la mchicha, hilo ndilo bora. Mazungumzo hujiendesha hivi:

"Hodi hapa!"

"Karibu, jirani. Pita ndani."

"Nakaa hapahapa kibarazani, sikai sana. Wazima humu?"

"Wazima, tunamshukuru Mungu. Sijui kwako?"

"Kwangu salama. Nimekuletea mchicha kidogo. Ungekuwa mwingi, ila paka wako ameniwahi."

"Ee! Paka gani tena?"

"Huyu mwenye doa jeupe kifuani."

"Jirani, huyo si wangu. Anakujaga tu."

Hapo, msikilizaji, umefika kwenye mzizi wa shauri. "Anakujaga tu." Ukienda nyumba ya kushoto utaambiwa hivyohivyo, na ya kulia hivyohivyo. Paka wa mitaa yetu hana mwenyewe siku ya uchafu, na ana wenyewe watano siku panya anapoonekana stoo. Si uongo moja kwa moja. Wengi kweli hawakumleta. Alizaliwa uvunguni mwa mtu, akahamia kwa mwingine, akatupiwa utumbo wa samaki na wa tatu. Lakini mimi nina kipimo changu na sioni haya kukisema redioni: anayemlisha ndiye mwenyewe. Sahani ya dagaa iliyoko kibarazani ni cheti cha kutosha. Ukimtupia paka chakula kila jioni umemfanya akae mtaani, na akikaa mtaani atajisaidia mtaani, na kwa kuwa kwako ni saruji tupu, atajisaidia kwa jirani yako. Hesabu hiyo haikwepeki.

Kwa hiyo jirani akisema si wake, usibishane naye juu ya umiliki. Mwambie, "Haya, basi ni wetu wote, ila wewe ndiye anayekusikia." Kisha omba mambo mawili tu. La kwanza, choo. Pembe moja ya ua wake, chini ya mti au nyuma ya tangi la maji, pachimbwe kidogo pajazwe mchanga mkavu, au liwekwe karai kuukuu lenye mchanga pahali pasiponyeshewa. Chukua uchafu kidogo kutoka kwako, uuweke pale siku ya kwanza, paka anusie ajue. Mchanga usafishwe kila siku, maana paka anadharau choo kichafu upesi kuliko binadamu. Maneno yakianza, kwamba "mimi ndiyo nianze kuzoa mavi ya paka?", jibu lako liko tayari na wala huhitaji kulitamka: wewe umekuwa ukizoa muda wote huo.

La pili ni kuhasi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoona kwamba ni mambo ya Wazungu, au kwamba ni kumdhulumu mnyama. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili hivi, huzaa watoto watatu mpaka watano, na anaweza kushika mimba hata kabla hajatimiza mwaka. Hakuna mtaa unaoweza kuwalisha. Kinachofuata tunakijua sote: mfuko wa salfeti, safari ya alfajiri kwenda soko la samaki, na vitoto kuachwa huko. Wanaofanya hivyo hujifariji kwamba hawakuua. Dume naye akihasiwa, mara nyingi huacha ile tabia ya kurusha mkojo kutani, hupunguza kutangatanga, na zile vita za darini saa nane usiku hupungua. Daktari wa mifugo anaifanya kazi hiyo kwa ganzi au dawa ya usingizi, si kwa wembe wa mtaani. Gharama ikiwa nzito kwa nyumba moja, zichange nyumba nne. Tunachangia jeneza, tunachangia kitchen pati, tunachangia taa ya uchochoroni. Hili nalo ni la mtaa.

Kwa paka shume asiyekubali kushikwa na mtu, hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa anapohusika, amwite afisa mifugo wa kata, na ndipo nyumba zote zinapokubaliana kufunika mapipa ya taka na kuacha kumwaga vichwa vya samaki kwenye mtaro. Zanzibar, mwone sheha. Chakula kikikosekana hatakaa sana.

Na wewe mwenye bustani, ukishatandaza wavu na ukishaongea na jirani, vumilia kidogo. Paka aliyezoea pahali hahami kwa siku moja; atakuja, atakanyaga, atainua mguu na kuutikisa, atakwenda zake, na kesho atajaribu tena. Masika ikianza utapata nafuu kwa kuwa udongo wote umelowa, ila chunga kibaraza chako na lile banda la kuni, maana mvua humfukuzia huko.

Muda wangu umekwisha. Mama aliyeniuliza kama tuta lililochafuliwa mwaka jana linafaa kupandwa, jibu ni ndiyo: panda mahindi, bamia au biringanya, vitu vinavyozaa juu ya ardhi na kuingia chunguni. Karoti na saladi zisubiri. Juma lijalo saa kama hii tutazungumza juu ya kuku wa jirani, na hao, ndugu zangu, wenyewe wanajulikana. Usiku mwema.